Kabla ya Kuchimba Gesi Damponi: Mwongozo kwa Wakazi wa Kanyenye, Tabora

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kwenye kamati ya soko, wewe mwalimu mkuu unayeumwa kichwa na bili ya kuni, mwenyekiti wa mtaa, bwana afya wa kata, diwani. Iko siku mtu atakuja Tabora na michoro ya rangi, atasema taka za Manispaa zinaweza kuwasha taa za mji mzima, na wewe ndiye utakayeombwa kunyoosha mkono. Huenda mtu huyo anasema kweli. Gesi ya dampo ipo, inawaka, na iko miji inayopata umeme wake. Lakini nataka uingie kwenye kikao hicho ukiwa na maswali yako, na ukijua jambo moja ambalo wageni wengi hawatakuambia: kwa mji wa kadiri ya Tabora, gesi iliyo rahisi kukamata haiko damponi. Iko sokoni, asubuhi, kabla gari la taka halijafika kwenye kizimba.

Tuanze na dampo lenyewe, maana huwezi kulikataa wala kulikubali bila kulielewa.

Kinachotokea ndani ya lundo

Taka zikimwagwa, vijidudu huanza kuzila. Siku za mwanzo vijidudu hivyo hutumia hewa, na lundo hupata joto. Taka nyingine zikimwagwa juu, hewa ya chini huisha. Hapo huingia vijidudu vya aina nyingine, visivyotaka hewa kabisa, na kazi yao huishia kwenye gesi ya methani. Hatua hiyo haiji mara moja. Huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi. Ikishaanza, lundo linaweza kutoa gesi kwa miaka ishirini au zaidi, ikipanda haraka miaka ya mwanzo na kushuka polepole baadaye.

Gesi hiyo ni mchanganyiko. Karibu nusu yake ni methani, karibu nusu nyingine ni kaboni dayoksaidi, na kuna vichembe vya gesi nyingine, ikiwamo ile inayonuka kama yai viza. Methani yenyewe haina harufu wala rangi, kwa hiyo pua yako haiwezi kukuonya. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Na ikiachwa iende zake angani, kila kilo yake hupasha joto dunia mara 28 hivi zaidi ya kilo ya kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kwa hesabu ya miaka 20 ni karibu mara 80. Ndiyo sababu kuichoma tu, hata bila kupata umeme, ni kazi yenye faida kwa dunia nzima. Ila bili ya kuichoma hailipwi na dunia nzima. Inalipwa na halmashauri.

Je, dampo letu linafaa?

Uliza mambo manne: kina, unyevu, kifuniko na uzito.

Kina kinatangulia. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilitoa mwaka 2006 kanuni za kukadiria methani ya madampo, na kanuni hizo zinakusaidia hata wewe usiye mhandisi. Dampo linalosimamiwa, lenye kushindiliwa na kufunikwa udongo, hupewa alama 1. Dampo lisilosimamiwa lakini lenye kina cha meta tano au zaidi hupewa 0.8. Dampo lisilosimamiwa lenye kina kisichofika meta tano hupewa 0.4. Maana yake ni kwamba taka zilezile, zikitandazwa kwa kina kifupi na kuachwa wazi, hutoa methani chini ya nusu ya ile ambayo zingetoa kama zingeshindiliwa na kufunikwa, kwa kuwa hewa inapenya na kuzuia vijidudu vile vya pili. Madampo mengi ya miji yetu ya bara ni ya kundi hilo la mwisho: taka zimesambaa, zinachomwa kila wiki, mbuzi wanapita juu. Moto nao unakula karatasi na majani makavu ambayo yangekuja kutoa gesi.

Unyevu. Kanuni hizohizo zinagawa nchi za joto kwa mpaka wa milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Tabora ina mvua za Novemba hadi Aprili na kiangazi kirefu kinachokausha hata majani ya miombo, na kwa wastani haifiki mpaka huo. Dar es Salaam inauvuka. Tofauti hiyo si ndogo. Kwenye kundi la mvua nyingi, mabaki ya chakula hupoteza nusu ya uwezo wake wa kutoa gesi ndani ya miaka miwili hivi. Kwenye kundi kavu, nusu hiyo huchukua kama miaka minane. Gesi haipotei, ila inatoka kidogo kidogo, na injini ya umeme haiwezi kuishi kwa kudokoa.

Kifuniko tumekwisha kukigusa pamoja na kina. Sasa uzito, na hapa chukua kalamu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tatu katika Manispaa ya Tabora. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila mtu anatupa nusu kilo kwa siku: ni tani 150. Tuchukulie nusu ya hizo ndizo zinazofika damponi, nyingine zikichomwa uani au kuishia mitaroni: tani 75 kwa siku, zaidi kidogo ya tani 27,000 kwa mwaka, tani 270,000 kwa miaka kumi. Wamarekani, wenye mamia ya madampo yanayotoa nishati, wana kipimo chao cha haraka: tani milioni moja za taka hulisha umeme wa karibu megawati 0.8. Kwa kipimo hicho tani zetu zingetoa kama kilowati 220. Lakini kipimo hicho kimetokana na madampo marefu yaliyofunikwa. Zidisha kwa 0.4 ya kina kifupi na utabaki na kilowati 88. Huo ni umeme wa kuendesha mashine nne au tano za kusaga unga, kwa gharama ya visima, mabomba, feni, injini na mafundi wa kudumu. Weka namba zako mwenyewe badala ya zangu, ukizipata. Ukimpelekea mwenye michoro hesabu hii, atalazimika kukueleza yeye anazidisha kwa ngapi na kwa nini.

Namba zako mwenyewe utazipataje? Omba mizani ya magari, hata ya kuazima, upime kila gari la taka kwa wiki moja wakati wa mvua na wiki moja wakati wa kiangazi. Chagua gari moja kila siku, mwaga kilo mia juu ya turubai, chambua: vinavyooza upande huu, plastiki, vyuma, nguo na mchanga upande ule. Mchanga utakushangaza, maana wafagiaji wetu wanafagia barabara za vumbi. Waite wachakuraji taka wakusaidie kuchambua na uwalipe. Wanalijua dampo kuliko afisa yeyote, na mradi wowote utakaozungushia dampo uzio bila kuzungumza nao utakuwa umewanyang'anya mkate.

Dar es Salaam ilivyofanya

Tanzania haikuanza jana. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango ulioitwa Takagas, wa kujenga Dar es Salaam mtambo wa kuozesha taka za mji na za viwanda ili kupata umeme na mbolea, kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa mazingira. Mtambo huo haukujengwa.

Wakati huohuo dampo la jiji lilikuwa halitulii mahali pamoja. Wakazi wa Tabata, wakiongozwa kwenye jalada na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika kesi ya mwaka 1988 kwa moshi na harufu, wakashinda, na jiji likaomba muda tena na tena hadi Mahakama Kuu ikakataa kuongeza. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Wakazi wale walikuwa na haki, na kesi yao inafundishwa hadi leo kwa wanaosoma sheria ya mazingira. Lakini liangalie jambo hilo pia kwa jicho la gesi: kila dampo lilipoanza kuwa na kina cha maana, lilifungwa na kuachwa, na gesi yake ikatoka bila mwenyewe. Ukitaka gesi ya dampo siku zijazo, chagua leo mahali ambapo watu hawatalazimika kwenda mahakamani kesho.

Mtoni ndipo gesi ilipokamatwa. Mwaka 2007 mradi wa Halmashauri ya Jiji na kampuni ya Italia iitwayo Consorzio Stabile Globus ulisajiliwa chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuuza hewa ukaa, ukiwa wa kwanza wa aina hiyo Tanzania. Dampo lilifunikwa, visima vikachimbwa, mabomba yakatandazwa, gesi ikapelekwa kwenye mwenge maalumu na kuchomwa. Jina la mradi lilitaja na umeme pia. Kazi iliyofanyika ilikuwa ya mwenge. Mapato yalitegemea kuuza vyeti vya hewa ukaa Ulaya, na bei ya vyeti hivyo ilianguka vibaya kuanzia mwaka 2012. Kwa hiyo mtu akikuletea mradi wa gesi ya dampo, muulize swali hili mapema: bei ya kaboni ikishuka hadi karibu na sifuri, nani atalipa mshahara wa fundi wa feni? Biashara ya kaboni sasa ina kanuni zake nchini, za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwambie apitie huko kwanza.

Kusini zaidi, jiji la Durban, Afrika Kusini, limefanikiwa, na linafaa kutazamwa kwa sababu ya mambo mawili. Dampo lake la Bisasar Road ni miongoni mwa makubwa kabisa barani, lenye taka za tangu mwaka 1980, zilizoshindiliwa na kufunikwa udongo. Huko walipata megawati zaidi ya sita. Mariannhill walipata megawati moja. Lakini La Mercy, dampo dogo la jiji hilohilo, lililopewa injini ya nusu megawati, lilishindwa kuilisha, na injini ikahamishiwa kwenye dampo kubwa. Wahandisi walikuwa walewale. Tofauti ilikuwa kwenye lundo.

Ukiamua kuchimba

Kama hesabu zako zimetoka vizuri kuliko nilivyokisia, mambo huwa hivi. Kwanza mtihani wa kufyonza: visima vichache vya majaribio, feni ndogo na kipimo cha kusoma methani, kaboni dayoksaidi na oksijeni, kwa wiki au miezi. Oksijeni ikianza kupanda, unafyonza hewa kutoka nje, na hapo unaweza kuwasha moto ndani ya dampo. Punguza. Visima vya kudumu hutobolewa hadi robo tatu ya kina cha taka, bila kufika chini kabisa. Ndani yake huwekwa bomba gumu la plastiki lenye matundu, huzungushiwa kokoto, na juu huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa isipenye. Kila kisima kina koki yake. Mabomba hulazwa kwa mteremko, kwa sababu gesi inatoka na mvuke, mvuke unageuka maji, na maji yakikusanyika katika bonde la bomba gesi haipiti. Weka mitego ya maji kila bonde. Mwisho wa njia ni feni na mwenge uliozibwa pande zote, wenye joto kali la kutosha kuiunguza methani yote.

Usikubali mradi usio na mwenge, hata kama una injini. Injini itaharibika, itasubiri kipuri, na gesi haitasubiri.

Kwa upande wa karatasi, umeme wa chini ya megawati 1 haudaiwi leseni ya uzalishaji ya EWURA, mdhibiti wa nishati, lakini tathmini ya athari kwa mazingira haiepukiki.

Gesi iliyo karibu: soko na jiko

Sasa rudi Kanyenye. Enzi za misafara, njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, na waliokwenda huko walitua hapa. Miembe iliyopandwa kando ya njia hiyo bado inazaa, na kila msimu wa mvua maembe yanaoza kwa marundo. Ongeza maganda ya viazi vitamu na mihogo, majani ya kabichi, ndizi zilizoiva kupita kiasi, nyanya zilizopondeka, na ukoko wa wali na ugali wa mama lishe. Takataka hizi zina maji mengi, zinaoza haraka, na hazina mchanga zikikusanywa palepale zilipozalishwa. Zikifika damponi zinakauka juani na kuchomwa. Zikiingia kwenye mtambo wa biogesi usiopitisha hewa, zinafanya kwa wiki chache kazi ambayo dampo la Tabora lingeifanya kwa miaka mingi.

Linganisha. Tani moja ya taka za soko zilizochambuliwa, katika mtambo wa kawaida usiopashwa moto, inaweza kutoa meta za ujazo 60 hivi za biogesi. Kila meta ya ujazo ina nishati ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi. Tani moja kwa siku, basi, ni karibu mitungi miwili ya kilo 15 kila siku, na huhitaji injini wala nguzo za umeme, bali bomba la kupeleka jikoni. Kwa kadirio langu hiyo inatosha jiko la shule ya bweni ya wanafunzi mia tatu, wakipikiwa maharage kwa akili, yaani yakilowekwa usiku.

Na hapa kuna jambo linalonifanya nisisitize. Serikali imekwisha agiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Tabora ni mkoa wa miombo, mkoa wa asali, na miombo hiyo inaliwa na mkaa na mabani ya tumbaku kwa pamoja. Shule, magereza, vyuo na hospitali za mji huu zinanunua joto kila siku. Soko linatupa joto kila siku. Kati ya soko na majiko hayo kuna safari fupi ya mkokoteni.

Kujenga si kubahatisha. Mtambo wa kuba la tofali uliofukiwa ardhini, unaojulikana tangu zamani na CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, una mafundi waliofunzwa chini ya programu ya taifa ya biogesi ya majumbani iliyoanza mwaka 2009. Kwa nyumba, mitambo ni ya meta za ujazo chache tu. Kwa tani moja ya taka kwa siku ikichanganywa na maji kiasi kilekile, na kila mlo ukikaa ndani siku 40, unahitaji meta za ujazo 80. Ushauri wangu ni kujenga mitambo midogo miwili au mitatu badala ya mmoja mkubwa, ili mmoja ukiugua jiko lisizime. Muulize fundi akuonyeshe mtambo aliojenga miaka mitano iliyopita, na si ule wa mwaka jana.

Kuanzisha kunataka subira. Jaza kwanza samadi mbichi ya ng'ombe na maji, nusu kwa nusu, kwa sababu samadi ndiyo mbegu ya vijidudu. Ng'ombe hawako mbali. Wafugaji wa pembezoni watakupa. Gesi ya mwanzo iachie itoke, ina hewa na haiwaki vizuri. Baada ya wiki tatu au nne, mwali wa buluu ukitulia, anza kuongeza taka za soko kidogo kidogo, zikiwa zimekatwakatwa, na panda kila wiki. Mifupa, nywele, magunzi, mchanga na mifuko ya plastiki visiingie kamwe. Maganda ya machungwa yawe machache, mafuta yake hulemaza vijidudu.

Maembe yanahitaji aya yake. Embe lina sukari nyingi, na sukari huchacha na kuwa asidi haraka kuliko vijidudu vya methani vinavyoweza kuila. Ukipokea mkokoteni wa maembe mwezi wa Desemba na kuumimina wote, kesho yake mtambo utanuka uchachu, mwali utalegea, na baadaye utazimika. Mimi ningeanzia na ndoo moja ya maembe kwa ndoo nne za samadi, kokwa zikiwa zimetolewa, na kuongeza pale tu mwali unapobaki imara kwa wiki nzima. Nunua karatasi za kupimia uchachu. Kipimo kikae karibu na 7. Kikishuka chini ya 6.5, acha kulisha kabisa kwa siku kadhaa, ongeza samadi, na ikibidi maji ya chokaa kidogo. Usiongeze chokaa nyingi kwa hasira. Maembe yanayobaki yapelekwe kwenye shimo la mboji. Si aibu.

Jikoni, kumbuka kwamba jiko la gesi ya mtungi halifai lilivyo. Biogesi ina nguvu ndogo kwa ujazo uleule, kwa hiyo tundu la kutolea gesi linatakiwa kuwa pana zaidi. Weka kichujio cha nyuzi za chuma zenye kutu njiani ili kuinasa ile gesi inayonuka, la sivyo koki zitaliwa. Na akija mtu kukushawishi mjaze biogesi kwenye mitungi ya kawaida, mkatalie. Methani haigeuki kimiminika kwa shinikizo la mtungi wa nyumbani kama ifanyavyo gesi ya kupikia tunayonunua. Utapata mtungi unaopika dakika chache, au msiba.

Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea. Lijaribu kwanza kwenye tuta moja la mchicha, uone majani, kabla ya kulimwaga shamba zima.

Hatari

Usitafute tundu la gesi kwa kiberiti. Tumia maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Mtu asiingie ndani ya mtambo, hata ukiwa mtupu, hata akisema anashuka dakika moja. Methani na kaboni dayoksaidi hufukuza hewa, na yule anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufuata njia ileile. Ukitaka mtambo usafishwe, mwite fundi mwenye feni ya kuingiza hewa na kamba.

Kwenye dampo, gesi hutembea chini ya ardhi. Huko Loscoe, Uingereza, alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986, nyumba ililipuka kwa gesi iliyopenya kutoka dampo jirani ambalo lilikuwa limekwisha fungwa. Shinikizo la hewa lilikuwa limeshuka ghafla usiku ule, gesi ikapanda. Kwa hiyo usimruhusu mtu kujenga, kuchimba choo wala kisima kandokando ya dampo la zamani bila kupima, hata kama mahali pameota majani mazuri.

Na lundo lenyewe linaweza kuanguka. Koshe, Addis Ababa, liliporomoka tarehe 11 Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 100. Kiteezi, Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua, wakafa zaidi ya 30. Walioishi chini ya malundo hayo walikuwa watu wa kawaida wanaotafuta riziki. Nyumba zikianza kusogelea mteremko wa dampo, hilo ndilo jambo la kwanza la kulisemea, kabla ya gesi.

La kufanya damponi hata bila injini

Kila siku, taka zimwagwe eneo moja dogo, zishindiliwe kwa katapila, zifunikwe udongo. Moto ukiwaka, ufukiwe kwa udongo. Usilipasue lundo kuutafuta, utaupa hewa. Uzito wa kila gari linalopimwa uandikwe daftarini. Sehemu iliyojaa ifunikwe udongo wa mfinyanzi, na juu yake tabaka la mboji iliyoiva, kwa kuwa ndani ya mboji huishi vijidudu vinavyokula methani inapopanda, bila bomba wala feni. Haitoi umeme, lakini ni kinga ya bei ya mkokoteni, na mboji yenyewe inatoka sokoni.

Daftari hilo la uzito ndilo litakaloamua, baada ya miaka kumi, kama dampo la Tabora linastahili visima. Bila daftari, kila mgeni atakuja na namba zake.

Bajeti ya halmashauri hupikwa mapema, na mapendekezo ya mitaa huanza kukusanywa kabla ya mwaka kwisha. Kwa kikao cha kwanza cha kata omba vitu vitatu tu: vizimba viwili sokoni, kimoja cha vinavyooza na kingine cha vingine, na mtu wa kuvisimamia, mizani ya kupima magari ya taka kwa wiki mbili za mwaka, na mtambo mmoja wa majaribio katika shule iliyo karibu na soko, mwalimu mkuu akikubali kuonyesha bili yake ya kuni ya mwaka uliopita. Bili hiyo ibebe mkononi siku ya kikao.